Isipokuwa Nyonga ya Kushoto

Jumatatu, 5 Septemba 2011

Kwa heshima na taadhima, mbele ya wapangaji wote wa jengo hili la Ganshoren, hapa Brussels, pamoja na wale wanaosikilizia nyuma ya milango, natangaza: leo asubuhi kiti cha plastiki, cheupe, kimezinduliwa rasmi kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Utepe haukukatwa. Hotuba hazikutolewa. Georgette alikikalia, akahema, akasema, "Si mubaya."

Ni kiti cha kibarazani. Lifti hatuna, na tunakaa ghorofa ya tatu. Nyonga yake ya kushoto imekwisha. Daktari wetu wa mtaani anasema sasa mfupa unasaga mfupa. Zamani mke wangu alikuwa akishuka ngazi hizi huku anaimba. Siku hizi anashuka kama anayebeba mayai. Walau atapumzika ameketi, kama mtu.

Nikaenda kazini. Makumbusho matupu. Mimi ni mlinzi: nalipwa kusimama na kuwatazama watu wanaotazama picha. Chuo changu ndicho hicho, sikupata kingine.

Jioni kiti bado kipo. Hakuna aliyekiiba. Maendeleo.

Alhamisi, 8 Septemba

Kwa daktari mpasuaji. Mtu mpole, mikono safi mno. Akatazama picha ya mfupa, akasema nyonga hii ni ya kubadilishwa tu, mjadala haupo. Tukafurahi. Halafu akatukabidhi kwa katibu wake.

Katibu: chumba cha watu wawili au cha peke yake? Nikauliza tofauti. Akanieleza habari za choo. Nikasema hapana, madame, naulizia tarehe. Akaigeuzia skrini upande wake.

Chumba cha peke yake: wiki ijayo. Chumba cha watu wawili: Februari.

Mpasuaji yuleyule. Kisu kilekile. Nyonga ileile. Nikauliza kwa nini. Akasema ni mambo ya upangaji. Georgette akanifinya paja chini ya meza. Tukaandikwa Februari.

Tukarudi nyumbani. Kwenye ngazi Georgette alikaa kwenye kiti kwa muda mrefu kuliko Jumatatu.

Ijumaa, 9 Septemba

Nina hasira. Naiandika hapa isije ikanipanda kichwani.

Katika nchi hii kila mtu ana mutuelle yake, chama cha afya, na chama kinalipa. Ndiyo fahari yao. Nilipofika kutoka Lubumbashi niliwaandikia wa nyumbani: huku ukiugua, taifa zima linachanga. Watu walinijibu kwamba naongeza chumvi. Nilikuwa sahihi. Taifa linachanga kweli, mpaka unapofika kwenye meza ya katibu. Pale ndipo unagundua kwamba pembeni ya mlango wa wote kuna mlango mwingine, mwembamba, na ufunguo wake unauzwa na kampuni ya bima. Ukilala peke yako, daktari anaruhusiwa kuongeza bei yake. Nyongeza hiyo mutuelle haiigusi. Bima ya kampuni inaigusa. Basi skrini ya katibu inapata nafasi.

Kinachoniuma zaidi: ufunguo huo tulikuwa nao. Miaka yote Georgette alipokuwa akitunza wazee kule Auderghem, mwajiri alimwekea bima ya hospitali. Hakuitumia hata mara moja. Aliinua wazee, akawageuza, akawaogesha, na nyonga ikaliwa humohumo. Juni alistaafu. Siku aliyorudisha koti la kazi, bima nayo ikarudi ilikotoka. Yaani walimlinda alipokuwa mzima, na alipochakaa wakamwaga kwa adabu.

Nimewapigia. Wanasema anaweza kuendelea kwa kujilipia mwenyewe, ila kwa umri wake bei inabadilika. Yule mtu akanitajia bei. Nikamwomba arudie kwa Kiflamandi, labda huko ni nafuu. Hakucheka.

Jumapili, 11 Septemba

Ibada, kisha chai kwenye ukumbi wetu wa karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles. Georgette aliimba ameketi. Ni kiongozi wa kwaya. Kuimba ameketi kunamuumiza kuliko nyonga.

Trésor akaja mezani. Ni mtoto wa Maman Élodie wa sauti ya pili. Anauza bima, na viatu vyake vina ncha ya kutobolea maputo. Nimemwona akikua; alikuwa anaiba biskuti za watoto wenzake na kuwauzia tena. Kazi yake ilijulikana mapema.

"Papa Donat, usiwaze," akasema. "Iko kampuni ingine, bei yake iko bien. Tunaandika tu maman ana afya muzuri, anatembea, basi."

"Anatembea," nikasema.

"Donc? Hatujasema uongo."

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilipiga chafya. Georgette hakuwa mezani. Alikuwa jikoni anaosha vikombe huku ameegemea sinki.

Jumatano, 14 Septemba

Msiba mdogo.

Nimerudi kutoka kazini, nikamkuta Georgette amechangamka. Dada mmoja wa ile kampuni ya Trésor amempigia simu. Jambo la kwanza alilouliza: "Vous allez bien, madame?"

Mtu wa Brussels akiulizwa hivyo anajibu "oui, merci", na mazungumzo yanaendelea. Georgette kazaliwa Likasi. Kwao mtu akikuulizia afya anastahili kujibiwa, tena kwa ukamilifu, la sivyo utaonekana una majivuno. Basi akamjibu. Alianzia kwa yule bibi wa Auderghem aliyeteleza bafuni, jinsi alivyomdaka, jinsi kitu kilivyolia "kaa" ndani ya mguu. Akaja kwenye sindano. Akaja kwenye mpasuaji na Februari. Akamalizia na kiti cha ngazini.

"Mutoto muzuri sana," ananiambia. "Kanisikiliza mupaka mwisho. Ameniuliza hata ni muguu gani."

Nilikaa chini.

"Baba Mireille, una nini?"

Sina kitu. Mireille, binti yetu, akipiga simu kutoka Liège nitamsimulia yeye. Atacheka mpaka alie. Mimi bado niko kwenye kulia.

Jumanne, 20 Septemba

Jibu limekuja, Trésor kalileta kwa mkono wake kama mtu aletaye mahari. Wamemkubali! Nikasoma. Wanambeba Georgette mzima, kichwa, moyo, figo, meno akilazwa kwa ajili ya meno. Mwili wote. Isipokuwa nyonga ya kushoto na yote yatokanayo nayo.

Nikasoma tena kwa sauti. Trésor akatazama viatu vyake.

"Papa, wengine wanawakataaka kabisa," akasema. "Hawa bamekuwa gentils."

Gentils! Eti wema! Mtu ana paa zima isipokuwa tundu moja, na ndipo mvua inapoingilia. Anakuja fundi, anakuuzia dhamana ya paa lote isipokuwa tundu. Na nchi haina serikali tangu mwaka jana. Mawaziri wapo kwa kushikilia tu, kwa muda. Mutuelle inaendelea, treni zinatembea, taka zinazolewa. Halafu kampuni hii, yenye wakurugenzi kamili na makapeti, haiwezi kuibeba nyonga moja.

Nilitaka kuichana. Georgette akaniuliza: "Basi hii ya kulia, iko assurée, bima inaibeba?"

"Hiyo ndiyo, maman!" Trésor akaruka.

Georgette akaipapasa nyonga ya kulia kama aliyenunuliwa kitu. Akatia saini. Mimi nikamwacha. Ilikuwa hasira tu: nikajisemea, wacha kampuni ibebe kipande hicho cha kulia, siku moja tutaikumbushia.

Alhamisi, 22 Septemba

Kiti hakipo.

Mahali pake pana tangazo la msimamizi wa jengo, limebandikwa kwa utepe wa gundi, limenyooka sana. Ngazi lazima ziwe wazi. Ni sharti la bima ya moto ya jengo.

Nimekikuta kiti stoo ya chini ya jengo, juu chini, miguu hewani. Bima mbili ndani ya wiki moja. Ya kwanza inakataa nyonga, ya pili inakataa kiti cha nyonga. Naanza kuhisi zinakutana mahali, zinakunywa kahawa.

Jumamosi, 24 Septemba

Nilikirudisha asubuhi. Mchana hakipo. Sitaki kuongea.

Jumapili, 25 Septemba

Ameanguka.

Tulikuwa tunaenda ibadani. Mimi nilitangulia na mfuko wa kanzu za kwaya. Alipofika pale kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza alinyoosha mkono kushika mgongo wa kiti. Mazoea. Hakutazama. Mkono ukashika hewa.

Sikumwona akianguka. Nilimsikia. Nikatupa kanzu.

Jirani wa chini, ambaye namshuku kwa habari ya tangazo, ndiye aliyeita ambulensi, na alimfunika na koti lake mwenyewe. Nitamshuku kwa kiasi.

Nyonga imevunjika. Ya kulia.

Jumatatu, 26 Septemba

Amepasuliwa jana ileile. Amepona, yaani anaishi, anaongea, anadai mafuta ya kujipaka.

Na aliyempasua? Yuleyule. Mpole wa mikono safi. Alikuwa zamuni. Yule asiyekuwa na nafasi hadi Februari alipata nafasi kabla ya chakula cha jioni. Hakuna aliyeuliza chumba gani. Hakuna aliyegeuza skrini. Walitazama kadi ya mutuelle, wakamsukuma ndani mbio, na niliona mtu mmoja akimshika mkono njia nzima. Nasema asante kwa hilo. Nasema kwa moyo wote, na hasira haipungui hata tone.

Kwa sababu nimeelewa utaratibu wao. Nyonga ikisagika polepole, ingojee Februari au inunue ufunguo. Ikivunjika kwa kishindo, karibu sana. Mtu mwenye akili angemshauri mkewe aruke ngazi mapema.

Angefanyiwa ile ya kushoto wiki waliyoitaja, asingehitaji kiti. Asingehitaji kiti, asingeanguka. Mpasuaji nilimkuta koridoni, nikamweleza hivyo. Akanisikiliza. Akasema, "Vous n'avez pas tort, monsieur," yaani sijakosea. Halafu akaenda zake. Kukosa kosa hakutibu mtu.

Jumanne, 27 Septemba

Chumba cha watu wawili. Mwenzake ni Madame Paula, Mflamandi, mzee kuliko sisi sote, nyonga pia. Mwanawe yuko Antwerpen; atakuja akipata nafasi. Jana alilala na televisheni ikiwa imezimwa, akiitazama.

Leo akatokewa na Kongo. Walianza kuja saa ya kuruhusiwa: Maman Élodie, shemeji zangu wawili, wale wa sauti ya tatu, mchungaji. Hatujui njia nyingine. Mgonjwa akibaki peke yake kwetu, jamaa zake wanaona haya mbele za watu. Walileta bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga, thermos za chai, mito. Madame Paula akavuta shuka hadi puani. Maman Élodie akamwona, akajaza sahani, akampelekea bila kuuliza.

Madame Paula alionja sombe kwa ncha ya uma. Akamaliza. Akanyoosha sahani tena.

Jumatano, 28 Septemba

Nimemkumbusha Trésor kipande chetu. Nyonga ya kulia, ajali, mkataba una saini. Nataka kile chumba cha peke yake, na nataka kampuni ikilipe. Georgette hana haja ya mlango mwembamba sasa, keshapasuliwa. Mimi ninayo. Nataka nikae mle ndani nikunje nne.

Trésor alipiga simu akiwa koridoni, akarudi na uso mwingine.

"Papa, iko délicat."

"Kitu gani délicat, ugumu uko wapi? Iko ya kulia."

"Ndiyo. Lakini wanasema... maman alianguka kwa nini? Kama muguu wa kushoto ndiyo ulilegea wa kwanza, bon, ni yatokanayo."

Basi wanachunguza. Mtu mzima, mahali fulani, ofisi yenye joto, anachunguza ni mguu upi wa mke wangu ulilegea wa kwanza. Nikamwambia Trésor awaandikie: haukulegea mguu wowote. Alishika kiti kisichokuwepo. Kiti kiliondolewa na bima. Waulizane wenyewe kwa wenyewe.

"Siwezi kuandika vile, papa."

"Kwa nini? Hatujasema uongo."

Alicheka, kwa mara ya kwanza kicheko cha kweli. Halafu akaingia chumbani, akavua viatu vyake vya ncha, akamkanda Georgette miguu. Mtoto wa watu. Kampuni haimstahili.

Jioni kwaya ikaja nzima. Waliahidi kuimba kwa sauti ya chini. Sauti ya chini ya Maman Élodie inasikika hadi mtaa wa Jette. Madame Paula alipiga makofi, nje ya mdundo, lakini kwa nia njema. Ndipo bwana wa chumba cha mkabala akatoka, pijama ya hariri, amewaka. Yeye yuko chumba cha peke yake. Analipia utulivu, akasema, na bima yake inalipia utulivu, na huu ni utulivu gani?

Nilitaka kumjibu. Muuguzi mkuu akaniwahi.

Alhamisi, 29 Septemba

USHINDI.

Wamemhamishia Georgette chumba cha peke yake. Mwisho wa korido, mbali na pijama. Ni uamuzi wao wenyewe, kwa ajili ya amani ya idara. Na kwa kuwa ni uamuzi wao, muuguzi mkuu amenihakikishia mara mbili, hakuna nyongeza. Mutuelle inatosha. Bure kama cha watu wawili!

Nimeketi humo. Nimekunja nne. Kiti cha mgeni kina ngozi. Dirisha linatazama maegesho ya magari. Kwaya imefanya kile ambacho mwajiri, kampuni mbili na Trésor hawakuweza, tena kwa nyimbo nne. Nimempigia Mireille, nimempigia shemeji, nimemsimulia hata jirani wa chini. Nikamwambia Georgette, tazama, maman, tumeingia bila ufunguo.

Alitazama kuta zote, moja moja.

"Baba Mireille," akasema, "nimefanya nini mupaka wanifungie?"

Nikamwambia ni heshima. Akageukia ukutani. Saa ya wageni ilipokwisha aliniomba niache mlango wazi.

Ijumaa, 30 Septemba

Hakulala. Muuguzi wa usiku alimkuta ameketi, taa inawaka, anajisemea nyimbo bila sauti. "Mugonjwa hawamuachake peke yake," alinieleza leo, polepole, kama anayemfundisha mgeni. Miaka mingapi tumeoana, na mimi nilikuwa namtafutia upweke kwa nguvu zangu zote.

Aliomba arudishwe. Kumbe Madame Paula naye alikuwa ameomba, tangu kabla ya kifungua kinywa. Muuguzi mkuu alitutazama wote, akapumua, akafungua breki za kitanda. Masharti: kwaya, wawili wawili. Tumekubali.

Mchana mtaalamu wa viungo akamsimamisha. Georgette alikwenda hadi mlangoni na kurudi, ameshika kigari cha kutembelea. Madame Paula alihesabu hatua kwa Kiflamandi. Mguu wa kulia, mpya, ulitulia. Wa kushoto ulitetemeka.

Trésor amepiga simu. Kampuni bado inachunguza. Nikamwambia ichunguze.

Chumba cha mwisho wa korido ni kitupu. Nilipita pale, nikaona wametandika.

Kabla sijaondoka nilishuka kwa katibu wa mpasuaji kuuliza. Alitazama skrini. Nyonga ya kushoto ni Februari.